Modemu Isiyoitika

Mwanzoni mwa mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Helsinki alinunua kompyuta yenye chipu ya Intel 386, akaanza kuandika programu ndogo ya kujitatulia shida yake. Alitaka kukaa chumbani mwake, katika baridi ya Finland, na kuifikia kompyuta ya chuo kwa njia ya simu. Programu yake ilikuwa na kazi mbili zilizopokezana zamu: moja ilisoma herufi kutoka kwenye kibodi na kuzipeleka kwenye modemu, nyingine ilipokea herufi kutoka kwenye modemu na kuzionyesha kwenye skrini. Baadaye Linus Torvalds alitaka kuhifadhi mafaili aliyoyapakua chuoni, ikambidi aandike sehemu ya kuendesha diski. Diski nayo ikadai mpangilio wa mafaili. Haja ikazaa haja, mpaka tarehe 25 Agosti 1991 alipowaarifu watumiaji wenzake wa mfumo wa Minix kwamba anatengeneza mfumo endeshi wake mwenyewe. Huo ndio ulioitwa Linux.

Katika kitabu cha maisha yake, Just for Fun, kilichotoka mwaka 2001, Torvalds anasimulia jinsi siku moja alivyokusudia kuipigia simu kompyuta ya chuo, kwa kukosea akaielekeza amri ya kupiga simu kwenye diski. Kosa hilo linawezekana kwa sababu katika mifumo ya ukoo wa Unix kila kifaa huonekana kama faili, na anayeandika jina lisilo sahihi huandika mahali pasipo pake. Diski haijui kupiga simu. Ilichofanya ni kuzipokea amri zile na kuzichapa juu ya sehemu iliyohifadhi Minix. Minix ikaharibika, naye badala ya kuirudisha akaamua kuhamia kwenye mfumo alioutengeneza mwenyewe.

Nimeanza na visa hivi kwa sababu sisi tulioijua Linux miaka michache baadaye tuliijua kwa sifa iliyo kinyume kabisa. Kati ya mwaka 1998 na 2004 hivi, aliyetaka kuiweka Linux kwenye kompyuta ya nyumbani alionywa mapema: utapata kila kitu, ila intaneti hutapata, maana modemu yako haitakubali. Mfumo uliozaliwa kutokana na modemu ukawa unajulikana kwa kutoelewana na modemu. Ilikuwaje? Jibu la harakaharaka, kwamba Linux ilikuwa bado changa, si la kweli. Mwaka 1994 Linux ilizungumza na karibu kila modemu iliyouzwa madukani. Kilichobadilika ni modemu.

Waya wa simu ulitandazwa kwa ajili ya sauti ya binadamu, nao hupitisha vizuri sauti zenye mitetemo kati ya 300 na 3,400 hivi kwa sekunde. Kompyuta haina sauti. Ina sifuri na moja. Kazi ya modemu ni ya ukalimani: kuzigeuza sifuri na moja kuwa milio, na milio kuwa sifuri na moja upande wa pili. Bell 103, modemu ya AT&T ya mwaka 1962, ilifanya hivyo kwa milio minne tu. Upande uliopiga simu ulitumia mitetemo 1,070 kwa sifuri na 1,270 kwa moja. Upande uliopokea ulitumia 2,025 na 2,225. Kwa njia hiyo zilipita biti 300 kwa sekunde, sawa na herufi 30, kasi ambayo msomaji hodari huweza kuifuata kwa macho.

Kwa muda mrefu kampuni ya simu ya Marekani ilipiga marufuku kifaa chochote kisicho chake kuunganishwa na waya wake. Marufuku hiyo ilivunjwa mwaka 1968, katika shauri la Carterfone, pale tume ya mawasiliano ya nchi hiyo ilipoamua kwamba mteja ana haki ya kuunganisha kifaa cha mtu mwingine maadamu hakidhuru mtandao. Bila uamuzi huo pasingekuwa na soko la modemu, na huenda pasingekuwa na Dennis Hayes.

Hayes, wa jimbo la Georgia, pamoja na mwenzake Dale Heatherington, walitoa Smartmodem mwaka 1981. Kabla yake, mtu aliinua mkono wa simu, akapiga namba mwenyewe, akasikiliza mlio, kisha akaulaza mkono ule juu ya vikombe viwili vya mpira. Smartmodem ilipiga yenyewe, kwa kuambiwa. Lakini kuiambia kulihitaji lugha, na hapo ndipo ulipo mchango wake mkubwa. Kila amri ilianza kwa herufi mbili, A na T, kifupi cha neno la Kiingereza la kumtaka mtu asikilize. Ukiandika AT na kubonyeza kitufe cha kumalizia, modemu hujibu OK. ATDT ikifuatwa na namba, inapiga. ATH, inakata. Simu ikishika huandika CONNECT. Ikishindwa, NO CARRIER. Basi. Ni kama adabu ya mlangoni kwetu: hodi, karibu.

Washindani wa Hayes waliiiga lugha hiyo, na muda si muda modemu isiyojua AT haikuuzika. Hayes na Heatherington walikuwa na hataza, ile ya mwaka 1985 iliyohusu namna ya kuikatiza modemu kwa alama tatu za kujumlisha na kituo kifupi cha ukimya, nayo ilizua kesi. Lakini amri zenyewe zikawa mali ya soko zima. Sisi tuliokulia kwenye Kiswahili hatuna haja ya kuelezwa jambo hili. Lugha ya biashara hukua namna hiyo: mwenye bidhaa na mnunuzi hawana nasaba moja, lakini wakikutana wana maneno ya kutosha kuelewana, na hakuna anayelipwa ushuru kwa kuyasema. Kampuni ya Hayes ilifilisika na mali zake zikauzwa mwaka 1999. AT ipo hadi leo.

Kwa hiyo mwandishi wa Linux wa mwaka 1994 hakuhitaji kujua ndani ya modemu mna nini. Alihitaji kujua tundu la nyuma ya kompyuta ambamo waya wa modemu umechomekwa, lililoitwa ttyS0 au ttyS1, kisha akaongea AT. Sikusudii kusema kazi ilikuwa rahisi. Kwanza mtu alifungua programu ya minicom ili ahakikishe kwamba modemu inaitika. Kisha aliandika mfuatano wa mazungumzo: ngojea neno hili, jibu hili, ngojea jina, toa jina, ngojea neno la siri, toa neno la siri. Baada ya hapo kazi ilikabidhiwa kwa pppd, programu iliyotekeleza itifaki ya PPP, ile ambayo umbo lake la kudumu liliandikwa Julai 1994 katika waraka namba 1661 wa wahandisi wa intaneti. Kila hatua ilikuwa na mtego wake. Mtego nilioupenda kuliko yote ni ule wa mlio wa simu. Modemu iliyotengenezwa kwa soko la Marekani ilisubiri mlio wa Marekani kabla ya kupiga. Ikichomekwa ukutani mahali ambapo simu inalia kwa namna nyingine, ilikataa katakata na kuandika NO DIALTONE, ingawa mtu mwenye masikio aliusikia mlio wazi. Dawa ilikuwa ATX3, amri inayomaanisha, kwa tafsiri yangu: usijali lafudhi ya simu hii, wewe piga tu.

Mitego hiyo yote ilikuwa na dawa, na kila dawa iliweza kuandikwa kwenye karatasi na kupewa jirani. Ndiyo tofauti na kilichofuata.

Ndani ya modemu ya kawaida mlikuwa na sehemu tatu. Ya kwanza ilielewa AT. Ya pili ilifanya hesabu za kugeuza biti kuwa milio na milio kuwa biti. Ya tatu iligusana na waya wa simu na kuulinda. Katikati ya miaka ya 1990 chipu za Intel zilikuwa zimepata nguvu kiasi kwamba wahandisi walijiuliza: kwa nini tulipie chipu ya pili ya kufanya hesabu, ilhali kompyuta yenyewe inaweza kuzifanya? Wakaiondoa sehemu ya kwanza, halafu wengine wakaiondoa na ya pili, wakabakiza ile ya kugusana na waya. Kazi iliyosalia ikahamia kwenye draiva, yaani programu inayoendesha kifaa, nayo iliandikwa kwa ajili ya Windows peke yake. U.S. Robotics waliipa modemu yao ya aina hiyo jina la Winmodem, na jina hilo la biashara likaenea mpaka likawa la aina nzima.

Kihandisi, wazo lenyewe lilikuwa zuri, na sioni sababu ya kulikejeli. Modemu zikawa za bei ndogo sana, na watu wengi wasiokuwa na uwezo wakaingia intaneti kwa sababu hiyo. Tatizo halikuwa kwamba akili ya kifaa imehamia kwenye programu, bali kwamba programu hiyo ilifungwa. Watengenezaji walitaja hataza zilizozunguka viwango vya V.34 na V.90, kile cha mwaka 1998 kilichofikisha biti 56,000 kwa sekunde; walitaja vyeti vya mamlaka za simu, ambavyo vilitolewa kwa kifaa na programu yake kwa pamoja; na pasipo kutaja, walichelea washindani. Nyaraka hazikutolewa. Aliyenunua kadi hiyo alinunua kipande cha kitu, na kipande kilichobaki kikawa siri ya mtu mwingine.

Mwaka 2000 nilikuwa mwanafunzi mjini Leicester. Dada yangu mkubwa alikuwa Mombasa, na mama yetu alikuwa akitibiwa figo. Kadi ya simu ya pauni tano ilikwisha kabla ya salamu kwisha, hivyo tulikubaliana kuandikiana: kila Jumamosi saa kumi jioni dada angekuwa kwenye intaneti kafe ya mtaani, amelipia saa moja, nami upande wangu ningekuwa mezani saa saba mchana. Mwishoni mwa wiki bei ya simu za karibu ilishuka, ndiyo maana tukachagua Jumamosi. Lakini chumba cha kompyuta cha idara yetu kilifungwa tangu Ijumaa jioni. Nilinunua kompyuta kutoka kwa mwanafunzi aliyekuwa akihitimu, ikiwa tupu, haina Windows, nami sikuwa na fedha za kuinunua. Nikaweka Linux iliyokuja na gazeti moja la kompyuta.

Kila kitu kilikwenda sawa mpaka nilipofungua minicom. Nikaandika AT. Hakuna kitu. Nikabadilisha tundu, kutoka ttyS0 hadi ttyS3. Nikasoma kuhusu mgongano wa maombi ya vifaa, jinsi tundu la kwanza na la tatu linavyogombea mlango mmoja wa chipu, nikachomoa kadi ya sauti ili kupunguza ugomvi. AT. Kimya. Jumamosi mbili zilipita hivyo. Jumatatu ya pili, kwenye chumba cha idara, nilikuta barua ya dada: «Mdogo wangu, nimekungoja mpaka muda ukaniishia. Mama anauliza kama uko salama.»

Jawabu nililipata kwa mzee mmoja wa Kimombasa aliyekuwa akitengeneza redio na video pale mjini. Nilimpelekea kadi ile. Aliigeuza mara moja tu chini ya taa, akainirudishia.

«Mwanangu, hii si modemu. Hili ni tundu la simu limetiwa kwenye kadi. Akili yake imebaki kwenye Windows.»

«Sasa nifanyeje, mzee?»

Akainama chini ya meza, akatoa kisanduku cheusi chenye taa nyekundu, modemu ya zamani ya nje, ya biti 33,600, akanitaka pauni kumi. Usiku huo niliandika AT, na skrini ikajibu OK. Sijui kama nimewahi kufurahia herufi mbili kuliko zile. Kazi haikuishia hapo, kwani simu ilishika, namba za anwani zikapita, lakini majina hayakupita. Ilikuwa nimesahau kuandika seva ya majina kwenye faili la resolv.conf. Jumamosi iliyofuata nilikuwa mezani. Mama alifariki miaka mitatu baadaye. Barua za Jumamosi zile ninazo zote, zimehifadhiwa kama maandishi matupu, na hakuna kompyuta niliyoimiliki tangu hapo iliyoshindwa kuzifungua.

Si kila mtu alikuwa na mzee wa kumwendea, na si kila kompyuta ilikuwa na nafasi ya kisanduku cha nje; kompyuta za mkononi zilikuja na kadi hizo zimekwisha fungwa ndani. Hivyo watu wa Linux walijaribu njia mbalimbali. Fabrice Bellard wa Ufaransa, ambaye wengi wanamjua kwa FFmpeg na QEMU, aliandika modemu nzima kwa programu, ikiwemo sehemu kubwa ya V.34, kuonyesha kwamba hesabu zenyewe hazikuwa muujiza. Hata hivyo kujua hesabu hakukufungua mlango wa kila kadi, maana kila chipu ilihitaji kujulikana inavyoamshwa. Lucent walitoa draiva ya chipu zao kwa Linux, lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kutafsiriwa kwa lugha ya mashine, haukusomeka; watu wa kujitolea wakawa kila mara wanaushonea joho jipya ili uvae toleo jipya la kiini cha Linux. Kwa chipu za Conexant, kampuni ya Linuxant ya Kanada iliuza draiva. Ya bure ilikuwepo, imefungwa kamba isizidi biti 14,400 kwa sekunde; anayetaka mwendo kamili alipe.

Ni draiva hiyo ya Linuxant iliyozaa kisa ambacho mpenzi wa maandishi hapaswi kukipita. Tangu mwaka 2001 kiini cha Linux kilikuwa na utaratibu wa kuuliza kila sehemu inayoongezwa itaje leseni yake. Isiyo huria iliruhusiwa kuingia, ila kiini kilijiandikia kwamba kimetiwa doa, ili waandishi wake wajue kwamba hitilafu ikitokea huenda imetoka mahali wasipoweza kupasoma. Aprili 2004 iligunduliwa kwamba draiva ile ilijitambulisha kwa herufi GPL, jina la leseni huria, ikifuatwa na alama ya sifuri, kisha maelezo kwamba leseni hiyo inahusu mafaili ya folda moja tu. Katika lugha ya C, alama ya sifuri ndiyo mwisho wa sentensi. Kiini kilisoma GPL, kikafika kwenye sifuri, kikaridhika. Kampuni ilieleza kwamba ilitaka kuwaepusha wateja na maonyo yaliyojirudia kwenye skrini, na maonyo hayo kweli yalikuwa kero. Nimefundisha mashairi ya mafumbo kwa miaka mingi, lakini sijakutana na kituo kilichobebeshwa mzigo kama kile.

Mwaka huohuo wa 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kupitia mradi wa Kilinux kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Wengi wetu ughaibuni tuliipokea kwa fahari, nami nilikuwa miongoni mwao. Ila nakumbuka nikiwaza kwamba kuna tafsiri za aina mbili. Ya kwanza huweka maneno yetu kwenye uso wa mashine. Ya pili ni ile ya chini, kati ya programu na kifaa, na pale ambapo mtengenezaji amekataa kutoa msamiati wake hakuna mtafsiri awezaye kuingia, awe wa Kiswahili au wa Kifini. Kilinux iliwezekana kwa sababu OpenOffice ilikuwa wazi mpaka ndani. Laiti ingekuwa kama kadi yangu ya Leicester, wasomi wa Dar es Salaam wangeishia kubandika vibandiko juu ya skrini.

Mwisho wa winmodem haukuletwa na ushindi wa hoja yoyote. Waya wa simu ulipitwa na ADSL, na kisanduku cha ADSL kiliunganishwa kwa waya wa mtandao ambao Linux iliujua tangu utotoni. Ugomvi ukafa kwa kukosa pa kugombania.

Kwetu Afrika Mashariki mambo yalikwenda njia nyingine. Simu za waya hazikuwahi kuenea kwenye nyumba za watu wengi. Zilizoenea ni za mkononi, na baada ya mkongo wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009 kampuni za simu zikajaza maduka vijiti vidogo vya kuchomeka kwenye USB. Vijiti hivyo ndivyo watu walivyoviita modemu, na kwa kijana wa Mombasa au Mwanza neno hilo halijawahi kumaanisha kitu kinachopiga kelele usiku.

Nilirudi nyumbani kwa likizo mwaka 2011, na kompyuta yangu ya Linux. Dada alikuwa amenunua kijiti kimoja. Nilipokichomeka kilijitambulisha kama sidii, yenye programu ya Windows ndani yake, nikahisi baridi ya Leicester mgongoni. Lakini safari hii watu walikuwa wamekwisha tengeneza usb_modeswitch, programu inayokiambia kijiti kiache kujifanya sidii. Taa ikabadilika rangi. Likatokea tundu jipya, ttyUSB0. Nikafungua minicom, ileile, nikaandika herufi mbili.

«Vipi,» dada akaniuliza akiwa jikoni, «imeitika?»

«Imeitika.»

Nikaandika ATD*99#, tukangoja.